Lenzi ya mzee ama otofokasi? Nimezama na zote mbili, haya ndo niliyoona

Kila nikikutana na mtu anayepiga picha chini ya maji swali ni lilelile, ati kwani wewe mbona unatumia lenzi ya kuzungusha na mkono na kamera yenyewe iko na otofokasi, inajitafutia ukali wa picha, pesa iliisha? Na ndio, mwanzo ilikuwa pesa. Lakini saa hii nina za zamani na za kisasa, zote nimezizamisha, na jibu nililo nalo leo silo lile nilianza nalo, kwa hivo wacha niandike mara moja nisiulizwe tena.

Vyombo vyenyewe ni hivi. Kamera ni Sony A7 II, ya mkono wa pili, nilinunua hapa Nairobi kwa jamaa aliyekuwa anapiga maharusi akahamia video. Kasha la kuzuia maji ni lile la plastiki, limeandikwa mita 40 na mimi sijawahi kupita 22, woga tu. Za zamani ni Nikon mbili za enzi ya filamu, 28mm f/2.8 AI-S na Micro-Nikkor 55mm f/2.8 AI-S (hiyo f ni upana wa apacha, tundu la kupitisha mwanga, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), chuma tupu, pete ya fokasi inazunguka polepole kama kifuniko cha chupa ya asali, zinashika kwa Sony kupitia adapta. Za kisasa ni Sony zenyewe, FE 28mm f/2 na FE 50mm f/2.8 Macro. Yaani kila upande una ya mandhari na ya vidudu, mechi ya haki.

Hizo Nikon nilizitoa River Road kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio ya picha za pasipoti tangu enzi za filamu, siku hizi anachapisha kadi za mazishi na kulaminishia watu vyeti. Zilikuwa ndani ya kabati la kioo nyuma ya fremu za harusi. Akaniuliza, "Mwanangu, hii unaenda kufanyia nini?" Nikamwambia mzee wangu nataka kuingia nayo baharini. Aliitoa kwa mkono wangu akairudisha kwa kabati akafunga. Ilibidi nimuonyeshe picha ya kasha kwa simu ndo akacheka, akanipatia zote mbili kwa 14,000, M-Pesa, kisha akanitolea tena kitambaa cha kufutia bure. FE 50 peke yake ilinitoka zaidi ya mara tatu ya hizo pesa na pia yenyewe ilikuwa imetumika.

Sasa watu wanadhani mambo ya mkono chini ya maji ni wazimu. Kuna kamera inaitwa Nikonos, ilianza kuuzwa 1963 baada ya Nikon kuchukua Calypso, kamera ya kina Cousteau yule mzamiaji Mfaransa, ikaendelea mpaka 2001, na karibu maisha yake yote wazamiaji walikuwa wanakadiria na macho, huyu samaki yuko futi tatu, wanazungusha kinobu, wanapiga. Otofokasi ilikuja na Nikonos RS mwaka wa 1992 pekee. Kwa hivo hizo picha za bahari mlizokua mkiona kwa majarida nyingi zilitoka kwa mkono na kukisia. Lakini hao walikuwa na lenzi zilizotengenezwa za kugusa maji moja kwa moja. Sisi wa makasha tuna kioo katikati, na hapo ndo shida yote iko, hapo ndo mimi nililala.

Skiza. Ukiweka ile domu ya mviringo mbele ya kamera na uizamishe, domu yenyewe inageuka lenzi. Kamera haimwoni samaki pale alipo, inaona taswira yake imesogezwa karibu kabisa mbele ya kioo. Ile mistari ya nukta nukta mwalimu wa fizikia alikuwa anachora ubaoni na sisi tukisinzia, kumbe ilikuwa na kazi. Domu yangu nusu kipenyo chake ni sentimita 10. Kitu kilicho mbali kabisa, mwisho wa macho, taswira yake inakaa sentimita 30 mbele ya domu. Samaki wa mita moja, taswira yake iko sentimita 21 hivi. Wa sentimita 30 anakuja 13. Yaani bahari nzima kutoka hapa puani mpaka upeoni imekunjwa ikaingia ndani ya sentimita 17!

Maana yake ni mbili na zote ni za pesa. Ya kwanza, lenzi isiyoweza kuona karibu haina kazi nyuma ya domu. Rafiki yangu mmoja, Mungu ambariki, alinishauri nichukue Helios 44-2, ile ya Mrusi, ni bei ya chini na kila mtu anaisifu kwa potreti. Inaishia nusu mita. Ukihesabu kutoka kwa sensa, utoe urefu wa lenzi na domu, hiyo nusu mita inaangukia karibu kabisa na zile sentimita 30, kwa hivo kitu ya pekee itaona vizuri ni mbali sana, na chini ya maji mbali hakuna kitu, ni bluu tu. Unaweza kuisaidia na kioo cha kukaribisha cha kufunga mbele, watu wanafanya hivo, lakini hapo ushaanza kununua vitu vya kurekebisha vitu. Nikkor 28, yaani ile Nikon yangu ya mandhari, yenyewe inakaribia mpaka sentimita 20 kutoka kwa sensa, hiyo ndo sababu niliichagua, si jina.

Maana ya pili ndo tamu. Kama bahari yote imekunjwa kwa sentimita 17, hakuna haja ya kukimbiza fokasi. Nilikaa na karatasi nikapiga hesabu, 28mm kwa f/11, pete nikiiweka 0.4 ya mita, kila kitu kutoka sentimita 34 hivi mpaka 48, ukipima kutoka kwa sensa si kutoka kwa domu, kinatoka kikali, na huo ni karibu upana wote wa ile bahari iliyokunjwa. Basi nikaweka 0.4, nikaweka f/11, nikazungushia selotepu, nikafunga kasha. Sijagusa tena mpaka jioni. Hakuna kusaka, hakuna kile kimraba cha kijani cha kukuambia subiri. Unabonyeza, inapiga hapo hapo.

Na hiyo f/11 hungeikwepa hata na lenzi mpya kabisa, ju nyuma ya domu pembe za picha zinaoza ukifungua sana. FE 28 inajigamba na f/2 yake, hiyo f/2 unailipia alafu unaizima. Nililipia kitu nikaizima, wacha tu.

Kuna kero moja ya adapta lazima niseme. Nikon imeundwa ikae milimita 46.5 kutoka kwa filamu, Sony ni 18, kwa hivo adapta ni bomba la milimita 28.5 na lenzi inasukumwa mbele kiasi hicho ndani ya domu. Ikikaa vibaya katikati ya mviringo pembe zinavutika kama chapati iliyoshikwa na watoto wawili. Niliona hiyo kwa bwawa la hoteli moja Westlands, kabla sijaenda Pwani, nikaongeza pete ya kurefusha kasha na ikatulia. Jaribuni kwa bwawa kwanza jamani. Nilipiga vigae vya bwawa mia na kitu, mlinzi akafikiria mimi ni mtu wa kaunti nimekuja kukagua.

Watamu nilienda mwezi wa pili, kaskazi, maji ni kioo. Treni ya saa mbili asubuhi mpaka Miritini, Mombasa, alafu matatu. Na hapa kuna kisa cha kijinga lakini kitawasaidia watu wa Nairobi. Nilifunga kasha nyumbani Nairobi usiku, nikijua hewa yetu ni kavu na baridi na kioo hakitapata ukungu ndani, na kweli hakikupata. Lakini Nairobi iko karibu mita 1,800 juu na hewa ni nyepesi, kufika ufuoni hewa nzito ya huko ililigandamiza kasha likakataa kufunguka. Na lazima nilifungue, ju nilisahau batri iko nusu tu. Nimevuta, nimevuta, nahodha amevuta, kijana wa mitungi amevuta. Mwishowe tukapata kijiskrubu cha pembeni tukakilegeza ikapiga ile sauti ya soda, pssss, wote wakanicheka. Angalau nilijua halivuji.

Siku ya kwanza nikaingia na FE 28 na otofokasi, siku ya pili Nikkor na selotepu yake. Hifadhi ya Watamu ipo tangu 1968 na samaki wa pale washazoea watu, changu wanakufuata kama kuku wa nyumbani, kwa hivo nafasi ya kulinganisha ilikuwa nzuri. Sitadanganya, kwa maji masafi na jua la saa nne FE 28 haina lawama. Inashika mara moja, apacha unaibadilisha kwa kamera bila shida, na ukielekeza juu kwenye jua haina yale madoa ya mwanga ambayo Nikkor inayo, ile ya zamani ukiielekeza juani inatoa shanga za mwanga mpaka kwa uso wa samaki. Nilipanga picha za siku zote mbili kwa laputopu nikamuita mwenzangu wa ofisini achague, akachagua za zamani nne na za kisasa tano. Hiyo ni sare.

Tofauti ilikuja mwezi wa nne. Mvua ilikuwa imeshaanza huku bara, na si mnajua Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwaga baharini kaskazini mwa Malindi? Yaani matope yetu sisi wenyewe, pamoja na sijui nini cha jalala la Dandora, ndo yalikuja kunisimamia mbele ya domu. Maji yalikuwa kijani, vichembe kila mahali. Na otofokasi inapenda vichembe kuliko inavyopenda samaki. Nilipata kasa mkubwa amelala chini ya mwamba, anatafuna, ananiangalia, na FE 28 inaenda mbele, inarudi nyuma, inashika kichembe, inaachilia, inashika povu langu mwenyewe, mpaka kasa akachoka na mimi akaondoka bila haraka hata. Kwa mashua nikalalamika nikasema huyo kasa hakunisubiri. Kijana aliyetuongoza, mtu wa Watamu hapo hapo, akaniambia, "Dadangu, kasa hana haraka, ni hiyo kamera yako ndo ina haraka." Kesho yake nilirudi na selotepu. Kasa hakuwepo, ndo maisha, lakini chewa nilimpata ndani ya pango lenye giza na kila picha ilikuwa kali, ju lenzi haikuwa inamtafuta.

Sasa makro. Hapa ndo mapenzi yangu na za zamani yaliingia doa, na mtu asije akawadanganya.

Kwa vidudu unatumia kioo bapa, si domu, na kioo bapa hakikunji kitu, kinafanya tu kila kitu kionekane kikubwa kwa theluthi na karibu zaidi. Hiyo ni zawadi. Lakini pale karibu sana eneo lililo kali ni milimita chache tu hata ukifunga f/16, hakuna hesabu ya selotepu itakuokoa. Kwa nchi kavu na Micro-Nikkor 55 mimi ni mfalme, unaweka ukaribu unaotaka, unasogea mbele nyuma na mwili mpaka jicho la mdudu linawaka, unapiga. Chini ya maji mwili ni wa nani? Mawimbi yanakupeleka yanakurudisha, kakaa kenyewe kako juu ya matumbawe laini kanayumba upande wake, mnayumba wote wawili kila mtu na mdundo wake. Ukitumia mkono unahitaji kuzungusha pete kutoka nje ya kasha, na kasha la bei yangu halina giya ya lenzi ya miaka ya 80. Nilitengenezewa giya ya plastiki kwa printa ya 3D na kijana mmoja hapa mjini, ya kwanza ikateleza, ya pili ikashika ikang'ang'ania, ya tatu ndo ikafanya kazi, na kila moja nililipia. Sony inakuchorea rangi kando ya vitu vilivyo kwa fokasi, msaada mkubwa, lakini kupitia barakoa, alafu kioo cha kasha, alafu skrini yenyewe, na mimi navaa miwani nikiwa ofisini, hiyo rangi nilikuwa naikisia tu.

Micro-Nikkor pia inaenda nusu ya ukubwa halisi peke yake, ukitaka ukubwa kamili unaongeza bomba la kurefusha, PK-13. Na yangu ilikuwa na ule ugonjwa wake unaojulikana, grisi ya ndani inakauka pete inakuwa ngumu kama mlango wa chuma wa ploti, na mafuta yanaingia kwa vile visu vya apacha. Mafuta ya visu si tatizo kubwa kwa adapta, ju visu vinakaa pale ulipoviweka, havipigi kila picha kama kwa kamera yake ya zamani. Pete ngumu ndo tatizo. Fundi alinifungulia akaosha akaweka grisi mpya, kazi nzuri, wiki mbili. Ukinunua hizi za zamani zungusha pete mwisho hadi mwisho ukiwa pale pale dukani, na umulike tochi kwa nyuma uangalie ukungu, ile kama nyuzi za buibui. Ukiona nyuzi rudisha, bei haijalishi, ju joto na unyevu wa Pwani vitaulea kama mtoto.

FE 50 Macro nayo si malaika. Ni ya polepole, inajulikana, inatoka mwisho huu mpaka ule ikilia zzzz na samaki ashahama. Ina swichi ya kuizuia isisake mbali, 0.16 mpaka 0.3, weka hapo kabla hujafunga kasha, ju ukishafunga huifikii tena. Alafu ikifika ukubwa kamili inakaa sentimita 16 kutoka kwa sensa, ukitoa kamera na lenzi na kioo unabaki karibu kumgusa mdudu, kivuli chako mwenyewe kinamfunika na flashi haina pa kupitia. Mimi narudi nyuma kidogo, nakata picha baadaye. Wenye pesa wanachukua ile 90mm Macro G na wananyamaza.

Lakini pamoja na lawama zote hizo, mbizi mbili kila upande, vidudu vilevile, mwamba uleule, tochi ndogo ya kusaidia fokasi imewashwa: Micro-Nikkor ilinipatia picha 6 za kuonyesha watu, FE 50 ikanipatia 23. Mkunga aliyetoa kichwa shimoni nilimpata jino kwa jino. Hiyo haina ubishi, makro ni otofokasi, na mwenye kukuambia vingine muulize amezama mara ngapi maji yakiwa na mawimbi.

Kwa hivo nimebaki hivi. Nikkor 28 haitoki kwa begi, imeshazoea selotepu. Micro-Nikkor inapiga maua na siafu msitu wa Karura Jumapili, huko inanipendeza sana. FE 50 inabaki na kelele zake. Na FE 28 nauza, haina mkwaruzo, haina ukungu, kifuniko cha nyuma kilienda na mkondo huko Watamu kwa hivo bei itaongeleka, lakini usiniitishe bei ya Helios.